Staringi Amezeeka, Kamera Inamficha

Katika filamu ya tatu ya Taken, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2014, Bryan Mills, jasusi mstaafu anayeigizwa na Liam Neeson, anakimbizwa na polisi wa Los Angeles na mbele yake kuna uzio wa wavu wa chuma. Ni uzio wa kawaida tu, wa kurukwa na mtoto wa darasa la tano anayefuata mpira. Mills naye anauruka, lakini tendo hilo la sekunde chache limekatwakatwa vipande zaidi ya kumi. Mkono unashika wavu, mkato. Mguu unainuka, mkato. Mgongo, mkato. Uzio unatikisika, mkato tena, na viatu vinatua upande wa pili. Hakuna hata kipande kimoja kinachouonyesha mwili wote, kichwa hadi kisigino, ukipanda na kushuka. Neeson alizaliwa Juni 1952, kwa hiyo filamu ilipotoka alikuwa na miaka 62, na mwongozaji Olivier Megaton na wahariri wake walifanya kila njia tusiione miaka hiyo. Matokeo yake kipande kile kikageuka kichekesho, kikazunguka duniani kama somo la jinsi filamu ya mapigano isivyofaa kuhaririwa, na kila aliyekitazama aliondoka na hakika moja: mzee hakuruka uzio.

Kila filamu ya aina hii inapotoka, malalamiko ni yaleyale: wazee hawa wamechoka, wawapishe vijana. Harrison Ford alivaa kofia ya Indiana Jones kwa mara ya mwisho katika filamu iliyotoka mwishoni mwa Juni 2023, wiki mbili kabla hajatimiza miaka 81. Tom Cruise amevuka 60 na bado ananing'inia kwenye mabawa ya ndege. Sylvester Stallone, wa 1946, na Arnold Schwarzenegger, wa 1947, wameaga na kurudi mara nyingi kiasi kwamba kuaga kwao hakumliza mtu tena. Malalamiko yana msingi, ila yanamkamata asiye na kosa. Umri wa mwigizaji ni jambo dogo hapa. Kinachotufanya tuamini ni gharama. Mwili wa staringi ukilipa kwa kila anachokifanya, tunaamini, awe na miaka 33 au 83. Filamu inapomsamehe deni imani inakatika, na mikato ya kuficha huwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba deni limesamehewa.

Tuanze na umri wenyewe. Danny Glover alipoigiza Roger Murtaugh katika Lethal Weapon ya 1987, sajini wa polisi anayetimiza miaka 50 akiwa ndani ya beseni la kuogea huku mkewe na watoto wakimwingilia na keki, yeye mwenyewe alikuwa na miaka 40. Watu walimwamini, na hadi leo ukitaja askari aliyechoshwa na kazi, jina lake huja kwanza. Roger Moore alikuwa na miaka 57 A View to a Kill ilipotoka mwaka 1985, filamu yake ya saba na ya mwisho kama James Bond, na humo kamera inakaa mbali kila Bond anapoteleza kwenye theluji au kukimbia ngazi za Mnara wa Eiffel. Inasogea karibu akishasimama. Moore mwenyewe alikiri baadaye kwamba umri ulikuwa umempita. Lakini miaka miwili kabla ya hapo Sean Connery alikuwa amerudi kuwa Bond katika Never Say Never Again akiwa na miaka 53, naye alisalimika, kwa sababu filamu inaanza kwa mabosi wake kumwona amechakaa na kumpeleka kwenye kituo cha afya apunguze sumu mwilini. Mmoja aliruhusiwa kuwa mtu mzima. Mwenzake alikatazwa.

Kesi ya John McClane iko wazi zaidi, maana ni mhusika mmoja na mwigizaji mmoja. Katika Die Hard ya 1988, Bruce Willis akiwa na miaka 33, McClane analazimika kukimbia peku juu ya vioo vilivyovunjika. Baadaye tunamwona chooni, anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo kimoja baada ya kingine, damu imetapakaa, huku akizungumza kwa simu ya upepo na askari aliye nje ya jengo. Adui hayupo pale na hakuna kinacholipuka, lakini kila hatua anayopiga McClane baada ya hapo tunaihisi nyayoni mwetu. Katika filamu ya tano, ya 2013, McClane huyohuyo yuko Moscow: magari yanapinduka naye ndani, anaruka dirishani kutoka ghorofani, anainuka na kujikung'uta vumbi. Willis alikuwa na miaka 57, na wengi walisema amezeeka mno kwa kazi hiyo. Hata yule wa miaka 33 angeyafanya hayo bila kuchubuka, nani angemwamini?

Hapa mtu atauliza, tangu lini filamu za mapigano zikawa za kuaminika? Katika Commando ya 1985 Schwarzenegger anateketeza jeshi zima kisiwani peke yake na risasi zinampita kushoto na kulia. Waliojazana kwenye mabanda ya video ya Dar es Salaam na Nairobi walijua fika kwamba staringi hafi, wakashangilia vilevile, msimulizi akitia chumvi yake juu ya chumvi ya Hollywood. Ni kweli. Ila chumvi nayo ina kipimo, na kipimo hicho kila mtazamaji anacho bila kufundishwa. Tunakubali kwamba risasi zitakosea shabaha, bomu litachelewa, na adui atahutubia badala ya kufyatua. Hayo ni mambo ya bahati, na katika hadithi bahati ni mali ya msimulizi. Mwili ni mali ya kila aliyekaa kwenye benchi. Anayebeba magunia sokoni anaujua mgongo wa asubuhi ya pili, na hakuna msimulizi, awe Lufufu au DJ Afro, anayeweza kumshawishi vinginevyo.

Ndiyo maana Amitabh Bachchan, mzaliwa wa Oktoba 1942, aliweza kupambana na Prabhas katika Kalki 2898 AD ya 2024, akiwa na miaka 81, bila watu kuguna. Humo ni Ashwatthama, shujaa wa utenzi wa Kihindi wa Mahabharata aliyelaaniwa aishi na majeraha yasiyopona: jitu lililochakaa, limezongwa vitambaa mwili mzima, ambalo kutokufa ndiyo adhabu yake. Watazamaji wake, na Afrika Mashariki anao tangu enzi za Sholay, wana sababu nyingine ya kumwamini. Julai 1982 aliumizwa tumboni akipiga picha za pigano la filamu ya Coolie huko Bangalore, akakaribia kufa. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha inaganda kwenye pigo lenyewe na maandishi yanawaambia watu kwamba hapa ndipo alipoumia. Sijui filamu nyingine iliyowahi kuonyesha risiti yake waziwazi namna hiyo, ukiacha za Jackie Chan, aliyezoea kumalizia kwa vipande vya ajali zake, akiteguka, akianguka, akibebwa kwenye machela huku majina yakipita. Terminator Genisys ya 2015 nayo ilijitahidi kueleza uzee wa Schwarzenegger: roboti imevikwa nyama halisi, na nyama huzeeka. Maelezo mazuri kabisa. Mkono unamtetemeka mara moja mbili, kisha filamu inasahau, anaanza kurushwa huku na huko kama wa 1991. Maneno ya mwandishi hayakulipa deni la mwili.

Ulimwengu halisi nao una ushahidi wake. Novemba 5, 1994, mjini Las Vegas, George Foreman alipanda ulingoni kupigana na Michael Moorer, bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye miaka 26. Foreman alikuwa na miaka 45, na alivaa bukta nyekundu ileile aliyoivaa Kinshasa miaka 20 kabla, usiku Muhammad Ali alipomwangusha mbele ya umati wa Wazaire. Kwa raundi tisa alipigwa. Uso ulivimba, na majaji wote watatu walikuwa wamemweka Moorer mbele kwa pointi. Foreman hakumfukuza kijana huyo pembe kwa pembe kama alivyomfukuza Ali. Alikwenda polepole, akazoea makonde, akangoja Moorer asimame mbele yake, jambo ambalo kocha wa Moorer alikuwa akimkataza kila raundi. Katika raundi ya kumi ulitoka mkono wa kulia mfupi, ulionyooka, na pambano likaisha. Mwandishi wa filamu angeyaandika hayo angeambiwa ametia chumvi. Linganisha na Novemba 15, 2024, Mike Tyson wa miaka 58 dhidi ya Jake Paul wa miaka 27: raundi nane zilizofupishwa kuwa za dakika mbili mbili, miguu imegoma, ngumi zilizotua zikahesabiwa 18, uwanja ukazomea. Foreman na Tyson wote walikuwa wazee, na wote walipanda ulingoni kweli. Foreman alikuwa amepata njia ya kizee ya kushinda. Tyson aliuzwa kwa tangazo la ujana wake, na jina likapanda ulingoni bila miguu.

Hollywood ililijua hili zamani. Katika Ride the High Country ya Sam Peckinpah, ya 1962, Joel McCrea ni Steve Judd, askari wa zamani anayeajiriwa na benki kusafirisha dhahabu. Mikono ya shati lake imechanikachanika pembeni. Anapopewa mkataba asaini, anaomba faragha aende chooni, na humo ndani, akiwa peke yake, anatoa miwani na kusoma. Wenye benki hawajui. Sisi tunajua, na tangu hapo kila bunduki inapoinuliwa mlimani tunajiuliza Judd anaona nini. Robin and Marian ya 1976 ilimpa Connery, wa miaka 45, Robin Hood anayerudi kutoka vitani akidhani yeye ni yuleyule. Pambano lake la mwisho na Sherifu wa Nottingham halina madaha yoyote. Ni wanaume wawili waliolemewa na mapanga yao wenyewe, wanapiga magoti, wanahema, wanainuka kwa sababu mwingine ameinuka. Akira Kurosawa alikuwa ameshapita njia hiyohiyo mwaka 1954 katika Seven Samurai. Kiongozi wa kundi, Kambei wa Takashi Shimura, si mpiga panga hodari kuliko wote, ila ndiye anayejua mto uko wapi, uzio ujengwe wapi, na adui aingizwe mmoja mmoja kwa njia ipi. Jungu kuu halikosi ukoko.

Lakini anayestahili kutazamwa kwa utulivu ni Clint Eastwood, aliyeinunua hadithi ya Unforgiven mapema katika miaka ya 1980 kisha akaikalia kwa miaka, akingoja azeeke ndipo aiigize. Nadhani hakuna uamuzi wa kikazi wenye busara kuliko huo katika historia ya filamu za bunduki. Ilipotoka 1992 alikuwa na miaka 62. William Munny, muuaji aliyeacha kazi, tunamkuta akigaagaa kwenye tope na nguruwe wake. Anajaribu bastola kwenye mkebe uliowekwa juu ya kisiki: anakosa, anakosa, anakosa tena, watoto wake wanatazama. Anaingia ndani, anatoka na bunduki ya marisau, na mkebe unaruka. Anapopanda farasi, farasi anamtupa. Mtu anaweza kupinga hapa, na ana haki, kwamba mwishoni Munny anaingia baa na kuua watu watano kama shujaa yeyote wa zamani, kwa hiyo tope lote lile lilikuwa danganya toto. Tazama tena. Wa kwanza kuuawa hana silaha. Bunduki inagoma. Chumba kimejaa watu wenye hofu wanaofyatua hovyo, na Munny mwenyewe, akiulizwa baadaye alipangaje nani aanze kufa, anakiri kwamba ilikuwa bahati tu. Tena amerudi kwenye pombe aliyomwahidi marehemu mkewe kuiacha. Mwili umekopeshwa ushindi mmoja, na roho ndiyo iliyowekwa rehani.

James Mangold naye ametuachia jaribio ambalo mhakiki asingeweza kulipanga vizuri zaidi, kwa sababu aliongoza filamu mbili za aina hii na zikatoka tofauti. Logan ya 2017 inafungua na Hugh Jackman, wa miaka 48, akiigiza mtu mzee zaidi yake. Wezi wanamkuta amelala ndani ya gari wanalolitaka. Anatoa makucha yake maarufu, moja linakwama katikati, na anaangushwa chini kwanza kabla hajawageukia. Anachechemea. Anasoma kwa miwani. Vidonda vilivyokuwa vikijifunga papo hapo sasa havifungi. Filamu ilivuna zaidi ya dola milioni 600 na kuteuliwa kuwania Oscar ya uandishi. Kisha Mangold alikabidhiwa Indiana Jones iliyotoka 2023, na bajeti ya takribani dola milioni 300, na sehemu kubwa ya mwanzo wa filamu ikaenda kwa Indiana wa 1944, uso wa Ford ukiwa umerudishwa ujana kwa kompyuta. Uso unafaulu mahali pengi. Kisha mdomo unafunguka na sauti inayotoka ni ya mwanamume wa karibu miaka 80. Anakimbia juu ya mabehewa ya treni usiku, na mtazamaji, badala ya kuhofia asianguke, anachunguza mashavu. Halafu hadithi inaruka hadi 1969 na kwa dakika chache tunapata filamu tuliyostahili: Ford amevaa bukta ya ndani, kifua wazi, ngozi imelegea, anatoka na rungu la besiboli kwenda kugombana na vijana wa jirani waliofungulia muziki. Hakuna aliyecheka kwa dharau. Ni mzee, yuko mbele yetu, na ana hasira halali. Kisha mbio zinaanza tena, farasi anaingia kwenye njia za treni za chini ya ardhi, na deni linasamehewa. Nje ya skrini halikusamehewa: Juni 2021 Ford aliumia bega akifanya mazoezi ya pigano.

Na hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba Indiana Jones alijengwa juu ya maumivu tangu 1981. Katika filamu ile ya kwanza, ndani ya meli ambayo, kwa kichekesho chetu sisi wa huku, inaitwa Bantu Wind, amechubuka kila mahali, na Marion, mpenzi wake, anahangaika kutafuta sehemu isiyouma ambusu. Ford alikuwa na miaka 38. Filamu ya 2023 inamalizia kwa wawili haohao wakiurudia mchezo huo jikoni, na inafika palipo sahihi bila kompyuta yoyote. Martin Scorsese aliangukia shimo lilelile la ujana wa kompyuta katika The Irishman ya 2019. Robert De Niro, aliyezaliwa 1943, amefanywa baba kijana. Anamburuta mwenye duka mtaani na kumpiga mateke kwa kumsukuma binti yake. Kamera iko ng'ambo ya barabara, haikati. Uso ni wa kijana, nyonga ni za mzee, na mateke yanatua kwa tahadhari ya mtu anayeogopa kuteleza. Walikuwa wameajiri hadi mtu wa kuwafundisha wakongwe hao kukaa na kutembea kama vijana. Haikutosha, kwa sababu umri haukai usoni tu. Ningependa kuongeza kwamba Scorsese angalau alikuwa muungwana: hakuficha kwa mikato.

Sasa aje Tom Cruise, maana bila kumjibu yeye hoja hii haisimami. Alizaliwa Julai 1962, na anachokifanya kimefanyika kweli. Agosti 2017, London, akiruka kutoka jengo moja kwenda jingine kwa ajili ya Mission: Impossible – Fallout, alivunjika kifundo cha mguu, akajivuta juu ya ukingo, akachechemea mbele ya kamera, na mruko huo umo katika filamu. Nchini Norway alitoka na pikipiki hadi ukingoni mwa jabali na kujiachia na mwavuli. Kama wazee hawaaminiki, mbona huyu anaaminika? Kwa sababu analipa, na anapigwa picha akilipa, kwa mbali, bila kukatwa. Ila angalia tunayemwamini ni nani. Tunamwamini Tom Cruise. Ethan Hunt, mhusika, hana umri, hana magoti, na filamu zenyewe zimegeuka kumbukumbu za mwigizaji aliyekataa kuzeeka. Top Gun: Maverick ya 2022, iliyoingiza karibu dola bilioni moja na nusu, ililipa deni hilo kwa mkono wa mtu mwingine. Val Kilmer alikuwa amepoteza sauti kwa saratani ya koo. Filamu haikumficha: Iceman wake anaandika kwenye kompyuta, Maverick wa Cruise anasoma, na maneno machache anayoyatamka mwishoni yanamtoka kwa shida. Baada ya hapo nilikuwa tayari kuiamini ndege yoyote. Keanu Reeves hulipa mwenyewe. Katika John Wick ya nne, ya 2023, akiwa na miaka 58, anapigana kupanda ngazi ndefu za Montmartre, anakaribia juu, anapigwa na kubiringika hadi chini kabisa, na inabidi aanze upya. Ukumbi mzima unaguna kwa ajili ya mapaja yake.

Wapo watakaoona haya yote ni kuwadharau wazee. Mimi naona dharau iko kwenye kuficha. Eastwood, katika Gran Torino ya 2008, ana Walt Kowalski wa miaka zaidi ya 70 anayekohoa damu na kuwashinda wahuni kwa kuingiza mkono kotini mbele ya mashahidi, akatoa kiberiti. Miaka 13 baadaye, katika Cry Macho, mwongozaji huyohuyo mwenye miaka 91 anamwangusha mwanamume mzima kwa ngumi moja, na wanawake wanamtamani mlangoni. La pili ndilo linalomfanya mzee kuwa kikaragosi. Na wanawake wenyewe wanayajua haya kwa uchungu zaidi. Tanya Roberts, mpenzi wa Bond wa Moore mwaka 1985, alikuwa mdogo kwa Moore kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2015 Maggie Gyllenhaal alieleza kwamba, akiwa na miaka 37, aliambiwa amezeeka mno kuwa mpenzi wa mwanamume wa miaka 55. Kwa hiyo kipaji cha kuzeeka kwenye skrini kilibaki bila wenyewe, mpaka Michelle Yeoh alipopewa Everything Everywhere All at Once, nafasi ambayo waandishi awali waliiwazia Jackie Chan, akachukua Oscar mwaka 2023 akiwa na miaka 60.

Filamu bora ya vituko kuhusu uzee ni Thelma, ya 2024, na staringi wake ni June Squibb, mzaliwa wa 1929. Bibi wa miaka 93 anapigiwa simu na tapeli anayejifanya mjukuu wake yuko matatani, anatuma dola 10,000. Hapa kwetu, ambako ujumbe wa “ile hela tuma kwa namba hii” umemfikia karibu kila mwenye simu, hadithi haihitaji utangulizi. Thelma, shabiki wa Tom Cruise, anaamua kuzifuata fedha zake, akiwa amepakiwa kwenye kigari cha umeme cha wazee pamoja na Ben, rafiki anayeigizwa na Richard Roundtree, ambaye mwaka 1971 alikuwa Shaft, mbabe wa mitaa ya New York. Kila kanuni ya filamu za Cruise imo: mbio, silaha, kuponyoka walinzi, mawasiliano ya siri kwa vifaa vya masikioni. Ila kasi ni ya kigari, na hatari kubwa kuliko bastola ni kuanguka. Squibb aliendesha kigari mwenyewe mara nyingi. Mwongozaji, Josh Margolin, anaacha kamera imtazame kwa muda wote unaohitajika ili mtu wa umri huo afike pale anapokwenda, na muda huo ndio unaotuweka roho juu. Megaton angeukata mara kumi.

Imebaki hoja ya soko. Studio hazimrudishi staringi mzee kwa kumstahi. Jina lake linauzika Jakarta, Lagos na Mwanza bila kueleza yeye ni nani. Na Taken 3, pamoja na uzio wake, iliingiza zaidi ya dola milioni 300 kwa gharama isiyofika milioni 50. Kama watu hawakuamini, mbona walilipa? Walilipa kwa dhamana ya filamu ya kwanza, ya 2008, ambayo tendo lake linalokumbukwa ni mtu wa makamo aliyesimama na simu sikioni, akimweleza mtekaji kwa sauti ya chini kwamba amefanya kazi hii miaka mingi. Pale miaka ndiyo iliyokuwa silaha. Dhamana huisha. The Expendables ya 2010 iliwakusanya wababe wa zamani na kuingiza takribani dola milioni 274. Ya nne, ya 2023, iligharimu karibu milioni 100 ikarudisha kama nusu yake. Indiana Jones wa mwaka huohuo aliingiza milioni 384, fedha ambazo wenye kumbi hubaki na karibu nusu, dhidi ya gharama ya milioni 300. Mwaka huohuo pia Denzel Washington, wa miaka 68, alitoa The Equalizer 3. Katika tukio la kwanza amekaa kwenye kiti, anangoja adui amfikie. Anaua kwa sekunde chache, anatoka, na mtoto mdogo anampiga risasi mgongoni. Sehemu kubwa ya filamu baada ya hapo ni mgonjwa kwenye mji mdogo wa pwani ya Italia, anajifunza kutembea kwa mkongojo. Iligharimu takribani dola milioni 70 na kuingiza karibu 190.